Pumzi Katika Sikio la Kushoto

Yaliyompata rafiki yangu Nasra yalitokea mchana, Msalato, katika kichumba kisicho na dirisha anamouzia spika za masikioni. Wapangaji watatu walishakihama bila kuaga. Angelina, fundi cherehani wa mlango wa pili, alimsihi naye ahame.

"Mimi sikimbii chumba, dada," Nasra alimjibu.

Siku hiyo alifunga mlango kuzuia kelele, akawa analinganisha spika mbili za waya kwa wimbo mmoja. Umeme ukakatika, giza likajaa. Simu ilikuwa na chaji, akaendelea. Katikati ya ngoma akasikia mtu anapumua. Akabadilisha spika, pumzi ikasogea karibu zaidi. Akapunguza besi, akapunguza sauti nyembamba, mwisho akauzima wimbo wenyewe. Pumzi ilibaki, sikio la kushoto.

Hakuinuka. Aliuchomoa waya kwenye simu, akaushika kiganjani, akasema, "Chumba hiki nimepanga mimi. Siondoki."

Pumzi ikakatika kidogo. Kisha, kwa sauti ya Nasra mwenyewe, sikio la kushoto likamjibu taratibu, "Na mimi siondoki."