Mikono Yote Miwili

Walianza kwa kugombana. Lango la bandari lilikuwa limefurika abiria wa meli ya kitalii, wachukuzi na madereva walioinua mabango, na basi moja lilikuwa limeziba njia. Mwanamke aliyesukuma toroli la shuka za meli, sare yake nyeupe imenyooka kama karatasi mpya, aligonga mlango wa basi hilo kwa ngumi.

"Wewe dereva! Umelipanda hapa liote?"

"Taratibu, dada. Una moto kama pasi."

"Pasi ndiyo kazi yangu. Sogeza!"

Alisogeza. Tangu siku hiyo akamwita Pasi, naye akabaki kuitwa Dereva. Meli ilitia nanga pale kila baada ya wiki kumi, wakapendana kwa vipande: saa chache za chai na ubishi karibu na lango, halafu simu za baharini, mtandao ulipokubali.

Mara moja tu kwa mwaka meli ililala bandarini, ili abiria wanaotaka wapande bara kutazama sikukuu ya dini katika mji wa milimani. Mji huo ndio kwao Dereva. Mama yake aliishi huko.

"Safari hii nalala huko," Pasi alimwambia kwenye simu. "Nimepata ruhusa."

"Usinitanie, mpenzi."

"Ya maandishi, na mhuri juu. Jioni nakuja kumsalimia mama."

"Atafurahi mpaka asahau maumivu ya magoti yake."

Hakumwambia ni ruhusa ya namna gani. Mfanyakazi wa meli haruhusiwi kulala nchi kavu, isipokuwa amsindikize abiria asiyeweza kutembea. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, mwenye kiti cha magurudumu, aliyeiota sikukuu ile miaka mingi. Pasi akajitolea kumsukuma. Alihesabu kwamba bibi atalala mapema, naye atapata saa mbili zake.

Dereva naye alinyamazia lake. Alikuwa amewaambia mama, mjomba na dada zake wawili kwamba mchumba wake anakuja kutambulishwa. Mchumba mwenyewe alikuwa hajaulizwa.

Siku ikafika. Kuanzia alasiri waumini walijaa barabara kuu, mavazi meupe, mishumaa mikononi, wakiimba na kupanda mlima hatua kwa hatua kuelekea nyumba ya ibada. Nyumbani kwa mama, sebule ilikuwa imepigwa deki mara mbili. Mjomba alivaa koti lake zito na kutokwa jasho bila kulalamika. Mama alivaa gauni jipya la zambarau, akakaa akitazama mlango.

Chakula kikapoa. Mjomba akatazama saa, akakohoa.

"Huyo mkweo," alimwambia mama, "anakuja kwa miguu kutoka baharini?"

Dereva alitoka nje. Aliteremka kwenye umati, na jua likizama akamwona Pasi ng'ambo ya barabara, kwenye mteremko, amesimama nyuma ya kiti cha bibi. Alikuwa anacheka. Dereva akampigia simu. Aliuona mkono wa Pasi ukigusa mfuko wa sketi, kisha ukarudi kwenye mpini wa kiti. Akapiga tena. Safari hii mkono haukutoka kabisa. Akapiga mara ya tatu, halafu akarudi nyumbani akawaambia watu wavue nguo zao nzuri.

Asubuhi Dereva, aliyekuwa na zamu ya kuwarudisha abiria bandarini, alifungua mlango wa basi uso umekunjwa. Pasi alipakia kiti cha bibi kwa nyuma, akaja mbele.

"Umeamkaje, mpenzi? Jana nili—"

"Mpenzi wako yule mwenye kiti. Mimi ni dereva."

"Nisikilize kwanza."

"Mama yangu amekaa na gauni jipya mpaka chakula kikalala! Mjomba wangu ameacha duka lake! Kuja kumwona mchumba!"

Pasi akakaza macho. "Mchumba gani?"

"Wewe."

"Mimi? Nani alinichumbia? Lini? Nilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inajulikana."

"Na nani? Na mjomba wako? Umeita kikao cha ukoo kunipokea na mimi mwenyewe sijaulizwa! Na hilo shati umelipiga pasi wewe, mikono ina mistari miwili. Aibu!"

"Simu uliiona ukaiacha. Umezoea kutumwa na wageni, hujui tena kuitwa na watu wako."

Pasi alikuwa na maelezo tayari, ya kweli na mafupi, lakini baada ya neno lile aliyameza. Aliona kumweleza mtu anayekutukana ni kujishusha. Alienda kukaa nyuma kabisa, pembeni ya bibi.

Kiti cha mbele, ambacho Dereva alimwekea tangu jana, kikabaki kitupu. Basi lilikuwa linaondoka mama alipojitokeza barabarani na gauni la zambarau, mkono juu.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Bandarini. Hiki kiti kina mtu?"

"Hakina."

"Sasa kina. Nimepikia mtu, nataka kumwona."

Njia nzima waligombana, mama mbele, Pasi nyuma, Dereva kwenye usukani na kipaza sauti kikining'inia shingoni. Alisahau kukizima.

"Mwulize mama kama hukumtia aibu!"

"Mama shikamoo," Pasi akaita kutoka nyuma. "Nisamehe wewe. Mwanao simsamehe."

"Marahaba. Katika ugomvi wenu msinitie mimi."

Abiria, wasiojua lugha, walidhani wanaelezwa mandhari. Kila sauti ilipopanda walitazama madirishani na kupiga picha.

Walifika bandarini meli ikipiga honi ya kwanza. Dereva alikishusha kiti, akamkalisha bibi, akageuka kuchukua mfuko wake. Nyuma yake bibi akapiga yowe. Kiti kilikuwa kinateremka chenyewe kuelekea ukingo wa gati. Kabla Dereva hajapiga hatua, Pasi alishaweka nyonga yake mbele ya gurudumu na mikono yote miwili kwenye mpini. Bibi akaangua kicheko, kama mtu aliyezoea.

"Breki haishiki?" Dereva akauliza.

"Tangu jana saa tisa."

"Na ule mteremko? Na ule umati wote?"

"Saa nne nzima nimesimama hivi hivi. Ningeachia mkono mmoja kushika simu, bibi angeingia katikati ya mishumaa. Alikataa kuondoka mpaka wa mwisho apite, na nilipomlaza simu ilikuwa imeisha chaji, na kwenu sikujui."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulibweka tu!"

Mama alimshika Pasi mikono, akaigeuza. Viganja visivyojali joto la pasi vilikuwa na malengelenge. Mama alimtazama mwanawe kwa hasira ambayo hakuwa ameionyesha njia nzima.

"Na wewe ulisimama ng'ambo ya barabara," alisema, "ukipiga simu."

Honi ya pili ikalia. Pasi akasukuma kiti kwenye daraja la kupandia meli bila kugeuka.

Meli ilishaanza kuachana na gati simu ya Dereva ilipolia.

"Bado nimekasirika," Pasi alisema.

"Nimekosa. Ningevuka barabara."

"Ungevuka! Hatua kumi!"

"Ningevuka. Pasi, nakuuliza sasa, leo, mwenyewe. Utakubali nikuoe?"

"Unaniuliza nikiwa naondoka?"

"Nijibu, mtandao utakatika!"

"Usinipigie kelele!"

"Sipigi kelele!" alipiga kelele, mpaka wachukuzi wakageuka.

Upepo ulivuma kwenye simu. "Sikiliza vizuri," Pasi akasema. "Ndiyo. Lakini—"

Simu ikakatika.

"Lakini nini? Pasi! Lakini nini?" Akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena, akakanyaga chini kwa hasira. "Wiki kumi, mama! Wiki kumi nisijue lakini nini!"

Mama alikuwa amekwisha panda basi, amekaa kwenye kiti cha mbele na kukunjua gauni lake lisijikunje.

"Hiyo lakini utaisikia maisha yako yote," alisema. "Washa gari. Mjomba wako nimemwacha na koti lake."