Mawe Matano ya Kiptanui

Jerop alikuwa na desturi ya kuongea na kuku wake. Asubuhi aliwapa habari za mvua. Jioni aliwauliza wameshindaje. Usimcheke. Mtu akikaa miezi minane bila kubishiwa hodi, hata jogoo huwa rafiki wa maana.

Aliishi Kapsokwony, wilaya ya Bungoma, kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Mwaka ulikuwa 1987. Mumewe, Kiptanui, alifariki mwezi wa Februari. Binti yao wa pekee, Chemutai, alikuwa ameolewa upande wa Suam. Jerop alibaki peke yake na mawe matano dirishani.

Mawe hayo ndiyo yaliyoleta taabu. Kiptanui alikuwa akichimba mawe katika shimo moja karibu na Mombasa. Kila Krismasi alirudi na jiwe moja lililojikunja kama nyoka aliyelala. Alipokufa kwa malaria, watu walianza kunong'ona. Walisema hao ni nyoka waliogeuka mawe. Walisema hao ndio waliomuua.

Mwezi wa Oktoba mahindi yalikauka, tayari kuvunwa. Pale kijijini watu huvuna kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Jerop alikuwa amevuna katika mashamba manne ya wenzake. Zamu yake ilipofika, hakuna aliyekuja. Mvua ilinyesha siku tatu, na mahindi yakaanza kuota ukungu. Ekari mbili si kazi ya mtu mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Jirani yake, Cheptoo, alikuja akasimama nje ya lango.

"Mama Chemutai, si utupe hayo mawe mtoni?" alisema. "Ukitupa, hata kesho tunakuja kuvuna."

"Ni ya baba Chemutai. Sina kitu yake ingine."

"Najua. Lakini watu wanaogopa. Hata mimi naogopa, sitakudanganya."

Cheptoo akaenda zake. Jerop alilia, kisha akayatia mawe kikapuni. Alitaka kujua jambo moja tu kabla ya kutupa kitu: je, ni kweli mawe haya yalimuua mume wake?

Siku ya soko alishuka hadi Kitale, akaenda kwenye jumba la makumbusho. Huko alimkuta mfanyakazi mmoja aitwaye Wangui. Wazazi wa Wangui walitoka Nyeri, wakalima Trans-Nzoia tangu yeye akiwa mdogo. Jerop alimweleza yote, shimo la Mombasa, malaria na maneno ya watu, kisha akapanga mawe juu ya meza, kubwa mbele, dogo nyuma, kama alivyoyapanga nyumbani.

"Umeyapanga kwa ukubwa, mama?" Wangui aliuliza.

"Ndiyo. Huyu mkubwa ndiye mzee wao."

Wangui alitabasamu. "Mama, kule kwenu kijana mrefu anaweza kuwa mkubwa kuliko mzee mfupi?"

"Ah, hapana. Urefu si umri. Mtu tunauliza ni wa rika gani, alitahiriwa pamoja na nani."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Kila rika lina jina. Ukisikia jina, unajua nani alimtangulia nani. Sasa hawa pia wana rika lao."

Akachukua jiwe moja lililopasuka katikati. Ndani kulikuwa na vyumba vidogo vidogo vilivyofuatana.

"Nyoka ana kichwa na mbavu. Wewe unaona kichwa?"

Jerop aligeuza jiwe huku na huku. "Sioni."

"Hakuna. Hii ni nyumba ya mnyama wa baharini, kama konokono na nyumba yake. Anaitwa amonaiti. Aliishi katika enzi ya Jurasiki. Hiyo ni zaidi ya miaka milioni mia moja na arobaini iliyopita. Hata mlima wetu huu ulikuwa haujazaliwa. Mnyama alikufa, akazama kwenye matope, na matope yakawa mwamba. Jiwe haliui mtu, mama. Malaria inaletwa na mbu."

Jerop alimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuongea naye hivyo bila kuangalia pembeni.

Wangui alifungua kitabu chenye picha. Alieleza kwamba matope hulala tabaka juu ya tabaka. La chini ndilo la zamani, kama mahindi ya ghalani. Yaliyomwagwa kwanza hukaa chini. Amonaiti nao walibadilika upesi, kila rika na mikunjo yake na mistari yake. Wataalamu wakikuta amonaiti wa aina moja sehemu mbili zilizo mbali, hujua miamba hiyo ni ya rika moja.

Kwa kufuata mistari, Wangui aliyapanga mawe upya, lile changa upande wa kushoto, la zamani upande wa kulia. Lakini alibaki na moja mkononi.

"Huyu simjui," alisema. "Kitabu hakina picha yake. Uliletewa lini?"

"Huyo ni wa mwaka wa njaa," Jerop alijibu. "Themanini na nne. Na hii ya kwanza aliniletea mwaka ule wanajeshi walitaka kupindua serikali, themanini na mbili. Halafu hii. Halafu hiyo ya njaa. Halafu hizi mbili."

Wangui aliyatazama mawe, akamtazama Jerop. "Mama, umeyataja kwa mpango huu huu wangu. Shimo lilikuwa likienda chini?"

"Kila mwaka. Alikuwa anasema jua linazidi kuwa mbali."

"Basi kila mwaka alifikia tabaka la zamani zaidi. Na huyu nisiyemjua atakaa hapa katikati. Hilo umenifundisha wewe."

Wangui aliandika karatasi tano: mwaka, shimo, mpango wa tabaka. "Siku nyingine ukipata jiwe kama hili, usilisugue wala usilichanganye na mengine," alisema. "Andika lilitoka wapi na tabaka gani. Bila hiyo linakuwa kama mtu asiyejua kwao."

Jerop alirudi mlimani na mawe yake. Hakungoja kuitwa. Alikwenda kwa Cheptoo, akamwekea lile lililopasuka mapajani.

"Tafuta kichwa," alimwambia.

Cheptoo aliruka, kisha akaona haya, kisha akatafuta. Aliligeuza muda mrefu. Akahesabu vyumba kwa kidole.

"Ati hii ni konokono tu?"

"Ni kama konokono. Wa bahari."

"Na sisi tukakuacha peke yako miezi yote hii," Cheptoo alisema polepole. "Pole, mama Chemutai."

Cheptoo akawaeleza wengine, na Jumanne walikuja watu kumi na wanne. Robo ya mahindi ilikuwa imeoza, haikuokolewa. Mengine yote yaliingia ghalani kabla ya mvua ya jioni. Mvua ilipoanza, wote walikimbilia ndani kwa Jerop, wakabanana mpaka mlangoni.

Tangu mazishi, hakuna aliyewahi kumtaja Kiptanui mbele ya mkewe. Sasa Cheptoo alisimama dirishani akisoma karatasi zilizowekwa chini ya mawe, akauliza, "Baba Chemutai alikuwa anakuambia nini juu ya huko chini?"

Jerop alianza kueleza. Mvua ilikatika alipokuwa bado kwenye jiwe la mwaka wa pili, na hakuna mtu aliyeinuka kwenda kwake.