Ufunguo wa Aliye Ibadani

Katika kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na stendi ya Newala ipo sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na hakuna dereva asiyeijua: ufunguo wa mtu aliye ibadani hauguswi. Ijumaa Wakristo hulinda funguo za Waislamu; Jumapili Waislamu hulinda za Wakristo. Funguo hutundikwa kwenye msumari kibandani, na mlinzi wa zamu hakiachi kibanda mpaka wenyewe warudi.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, dereva Dastani, aliyetoka ibadani nusu saa tu iliyopita, alikuwa maiti nyuma ya lori la korosho katika mteremko unaotoka Newala kwenda Masasi.

Inspekta Agatha alipiga goti kando yake. Lori lilikuwa limeharibika tangu alfajiri, likasimama mara baada ya kona. Matawi ya kuwaonya madereva yaliwekwa hatua thelathini tu nyuma yake.

"Alishika klachi, afande," alisema Koplo Godfrey. "Pikipiki ikaserereka kama mkokoteni. Vijana hufanya hivyo ili kuokoa mafuta."

"Utingo wa lori anasemaje?"

"Anasema aliisikia injini ikinguruma mpaka mwisho."

"Injini iliyokatwa na klachi haingurumi, Koplo. Na tazama gia."

Godfrey akainama. "Namba mbili."

"Basi aliteremka kama alivyowafundisha wenzake. Sasa pima alama za tairi."

Alama ilikuwa moja, nyeusi, mita kumi na nane. Ilikuwa ya tairi la nyuma. Tairi la mbele halikuacha hata ukwaruzo.

Madereva waliokwisha kukusanyika waliiona alama hiyo, nao hawakuhitaji maelezo. Nusu yao walifundishwa na marehemu. Katika mwendo mdogo, mguu unatosha. Mteremkoni, breki zote mbili kwa pamoja. Ya mkono unaiminya, huikwapui. Na klachi huigusi mpaka pikipiki inakaribia kusimama.

"Breki ya mbele haikushika!" alipaza sauti mmoja.

"Vitalis! Si Vitalis aliyeitengeneza jana?"

"Na waligombana! Fundi muuaji huyo!"

Kabla polisi hawajafika gereji, fundi Vitalis alikuwa ameshapigwa. Aliingizwa mahabusu sikio lake likivuja damu. Nje ya kituo vijana waliapa wazi: kesho alasiri watamzika Dastani kwao Lulindi, na watakaporudi, gereji itakuwa majivu na mwenyewe watamtoa hata humo ndani. Kituo kilikuwa na askari sita.

"Uligombana na marehemu?" Agatha aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Alitaka breki ya mbele ikazwe zaidi. Nikamwambia ni ya kutosha. Akaniita fundi wa baiskeli za watoto."

"Ukafanya nini?"

"Nikaikaza mpaka akacheka mwenyewe. Afande, Dastani hakuwa na kidole cha shahada wala cha kati katika mkono wa kulia. Mashine ya kubangua korosho ilivichukua. Nguvu yake ilikuwa vidole viwili vya mwisho. Ilibidi breki ishike mara tu anapoigusa, la sivyo hana breki."

"Kwa hiyo ulijua jinsi ya kumwua."

Vitalis alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limevimba. "Nilijua jinsi ya kumfikisha salama."

Mlangoni alisimama mkewe, Pili, kanga ikiwa imeloa machozi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Anderson."

"Kesho wakimzika yule, na mume wangu wamemzika. Nipe jibu lolote la kuwapelekea. Lolote tu."

"Sina jibu la uongo la kukupa, mwanangu. La kweli sijalipata."

Agatha alikwenda uani ilikowekwa pikipiki. Waya wa breki ulikuwa mzima, haukukatwa. Lakini nati ya kurekebishia, pale penye mkono wa breki, ilikuwa imerudishwa nyuma. Vumbi jekundu la Newala lilijaa katika uzi wa skrubu, isipokuwa sehemu moja ndogo iliyong'aa. Nati ilitoka hapo si zamani.

"Godfrey, nifunge vidole hivi viwili kwa bandeji. Kaza."

Kwa vidole viwili vya mwisho aliuminya mkono wa breki. Ukaja mpaka karibu na mpini, na kule kwenye gurudumu hakuna kilichoshika. Akafungua bandeji, akaminya kwa vidole vyote vinne. Breki ikashika barabara.

"Aliyeilegeza hakukusudia kuiharibu," alisema polepole. "Aliirekebisha imfae mtu mwenye vidole vyote."

"Vitalis anavyo vyote, afande."

"Ndiyo. Na mjini Dastani alitumia mguu; asingegundua lolote mpaka penye kona ile. Hebu inua hicho kiti."

Kiti cha abiria kilikuwa kimeoshwa, safi kuliko pikipiki nzima. Lakini chini ya ukingo wake, ambako maji hayakufika, palikuwa na damu iliyoganda. Marehemu hakubeba abiria, na alirushwa mbele, si nyuma. Agatha alichukua sampuli, akaandika lebo, huku akijua kwamba majibu ya Mkemia Mkuu hayatafika kabla ya mazishi.

Saa moja asubuhi ya Jumatatu alikuwa kijiweni. Mwenyekiti, Mzee Abuu, alimpokea kwa ubaridi.

"Pikipiki ya Dastani ilitoka hapa jana wakati wa ibada?"

"Haitoki, afande. Labda kwenu polisi ndiko vitu hutoka stoo."

Vijana wakacheka. Agatha hakucheka.

"Nani alikuwa zamu?"

"Nurdin. Kijana wa Chilangala. Huyo hata sindano ya mtu hachukui."

Nurdin alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu.

"Jana ulikaa hapa asubuhi nzima?"

"Nilikaa, afande."

"Hukuondoka hata kidogo?"

"Sikuondoka."

"Pikipiki yako iko wapi?"

"Nyumbani. Waya wa klachi ulikatika Jumamosi."

"Mbona hujanyoa wala hujalala?"

"Msiba, afande. Dastani ndiye aliyenifundisha kuendesha."

Agatha alimwacha, akaenda moja kwa moja hospitali: damu ya kiti cha abiria ilikuwa ya mtu aliyeketi akivuja, pengine mjamzito. Alimwuliza muuguzi wa wodi ya wazazi swali moja: jana, kati ya saa moja na saa tatu, kuna mwanamke aliyeletwa kwa pikipiki akitoka damu?

Muuguzi alifungua daftari. "Hajira, kutoka Chilangala. Kondo la nyuma lilitangulia. Angechelewa robo saa tusingempata. Alifanyiwa upasuaji, na mtoto yuko hai."

"Aliletwa na nani?"

"Mumewe. Tulimshangaa. Badala ya kukaa naye, alikwenda bombani kuosha kiti cha pikipiki, akaondoka mbio."

Saa sita mchana Nurdin alikaa katika chumba cha mahojiano. Agatha alimwonya kwa mujibu wa sheria, kisha akaweka mezani kalamu na karatasi.

"Hajira hajambo?"

Kijana alifunika uso kwa viganja.

"Jirani alinipigia simu," alisema. "Alisema damu haikatiki, kitanda kimejaa. Madereva wengine walikuwa safarini. Msumarini palikuwa na ufunguo mmoja tu."

"Kwa nini hukwenda kanisani kumwomba?"

"Nilifika mpaka mlangoni. Walikuwa katika sala. Niliona aibu kumwita mtu katikati ya sala. Nikajiambia, nitairudisha kabla hajatoka, hatajua."

"Na breki?"

"Ilikuwa kali mno. Kila nilipoigusa, gurudumu lilikamata ghafla. Karibu nimwangushe Hajira mara mbili. Nikasimama, nikailegeza kwa mkono."

"Ulijua kwa nini alikuwa ameikaza?"

"Sote tunajua."

"Mbona hukuirudisha?"

"Nilifika kijiweni nikasikia kengele ya kanisani. Nikatundika ufunguo, nikakaa. Alipokuja alinishukuru kwa kulinda. Afande, alinishukuru! Neno lilikuwa hapa kooni. Ningesema 'angalia breki', angeuliza nani aliigusa. Nilimwona akiwasha. Nilimwona akienda."

"Na Vitalis alipopigwa?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilisema nitakiri Hajira akitoka wodini. Hana mwingine wa kumpelekea hata uji. Usiku nimefika hapa getini mara tatu, nikarudi."

"Mazishi ni saa tisa, Nurdin. Wakirudi huko, watamwua mtu asiye na kosa."

Nurdin akavuta karatasi, akaandika maelezo yake, akatia sahihi. Kisha akasema, "Nipeleke Lulindi, afande. Wakisikia kwako hawataamini."

Huko, mbele ya kaburi lililo wazi, akiwa na pingu mikononi na askari wanne wakimzunguka, alisema yote kwa sauti ambayo mwanzo haikusikika, kisha ikasikika. Mtu mmoja aliokota bonge la udongo. Mzee Abuu alimshika mkono, akamwambia aliweke kaburini. Jioni hiyo Vitalis alitoka mahabusu, akaikuta gereji yake imesimama.

Nurdin alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia. Alipoulizwa kama anaomba kupunguziwa adhabu, alijibu kwamba haombi. Alifungwa miaka miwili, akaitumikia.

Asubuhi aliyotoka gerezani, Hajira alimngoja langoni na mtoto wa kike anayetembea. Nurdin alichuchumaa, akafungua mikono. Mtoto alimtazama, asimjue, akajificha nyuma ya kanga ya mama yake.