Bastola ya Salama

Jumatano, alasiri.

Chumba cha nyuma cha ghala la ngozi pale Kibiti kilinuka vibaya. Ngozi za ng'ombe zilipangwa hadi karibu na bati, zimepakwa chumvi, na maji mekundu yalichuruzika chini yake yakatuama katikati ya sakafu. Damas ndiye aliyekichagua chumba. Alisema hakuna mwenye pua atakayesogea mlangoni kusikiliza.

Mudrick alikaa juu ya ndoo, kitambaa puani. Alikuwa fundi wa bunduki kutoka Ngarambe. Alitengeneza magobori ya wakulima waliokesha wakifukuza nguruwe shambani, na mara mojamoja silaha za watu ambao hakuwauliza wanakwenda nazo wapi. Damas hakuwa mkulima. Damas hakuulizwa.

Mpango aliuchora kwa ncha ya kisu juu ya ngozi. Huu ni mto. Hii ni jeti, gati la mbao. Hili ni ghala la kambi ya kamba. Tangu biashara ifunguliwe, kila mwenye fedha alikuwa akiingia delta kununua kamba, na anayefika kwanza kwa wavuvi ndiye anayekula. Kwa hiyo wote walitaka mashine za boti zenye mbio. Kambi hii ilikuwa imeletewa mashine mpya, bado zimo ndani ya makasha ya mbao. Damas alizibeba mwenyewe kwenye gari la barafu, kabla hajafukuzwa. Mnunuzi mwingine alikuwa tayari kuzipokea bila kuuliza maswali.

"Ijumaa," Damas alisema. "Wote wako msikitini. Maji yamejaa. Tunaingia, tunapakia, tunatoka kabla maji hayajatoka. Anabaki mlinzi mmoja."

Mlinzi huyo alikuwa Mzee Abdalah, mwenye bunduki ya marisau na macho mazuri. Boti isingesogea jeti asiione. Ilibidi mtu asiyemtilia shaka amfikie kwanza.

Mtu huyo alikuwa amekaa chini karibu na mlango, khanga imembana mabegani. Salama alikuwa na umri wa miaka arobaini na ushee. Kwa muda mrefu kazi yake pale kambini ilikuwa kukata vichwa vya kamba, mikono ndani ya barafu tangu asubuhi mpaka jioni. Barafu ikamla vidole. Viungo vilivimba, vidole vikapinda, nguvu ikaisha. Siku alipodondosha beseni mbele ya bosi aliambiwa asirudi. Mtoto wa kaka yake, Tamimu, ndiye nahodha wa boti katika kazi hii. Alikuwa kijana mkimya aliyeijua mikondo ya delta hata akiwa amefumba macho.

"Mpe mama mguu wa kuku," Damas alimwambia Mudrick. "Umchagulie mwepesi."

Mudrick alifungua mfuko wa unga, akatoa bastola tatu, akazilaza juu ya gunia. Damas akaichukua iliyokuwa ndogo kuliko zote na kumsukumia Salama. Alisema hiyo ndiyo ya kike.

Mudrick alitikisa kichwa. Watu wengi hukosea hapo. Bastola ndogo si lazima iwe rahisi. Springi yake huwa ngumu, na kwa kuwa ni nyepesi, teke lake lote huishia kwenye kiganja. Salama alijaribu kuivuta nyuma ili aikoki. Vidole viliteleza. Akajaribu tena, ngozi ya kwenye kiungo ikapasuka, damu kidogo ikatoka. Damas akacheka.

Mudrick akampa ya pili, ile ya kuzungusha risasi. Hii haikuhitaji kuvutwa, lakini kifyatulio chake kilikuwa kizito. Salama alikibana kwa vidole viwili, meno yameumana, na kabla nyundo haijainuka mtutu ulikuwa umekwisha kupita ukutani na kuishia kwenye goti la Tamimu.

"Basi," Mudrick alisema, akaichukua.

Ya tatu ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa. Ilitoka upande wa Mloka, kwenye mizigo ya mwindaji fulani aliyekuja na mkewe. Nayo ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na ujanja wake. Ukibonyeza kijiti cha ubavuni, mtutu unafunuka kwa nyuma kama kifuniko. Unaitia risasi kwa mkono, unafunika. Hakuna cha kuvuta. Risasi zake ndogo, teke lake dogo. Nyundo yake hurudi kwa kusukumwa na kiganja. Mudrick alikata ukanda wa mpira wa baiskeli, akauzungushia mpinini ili usiteleze, akaupima kwenye mkono wa Salama, akaongeza mzunguko mmoja, akampa bila risasi.

Salama alibonyeza. Mtutu ukafunuka. Akafunika, akasukuma nyundo, akaelekeza ukutani, akavuta. Ikalia ta.

"Hii inanitii," alisema.

Damas alipotoka kununua sigara, na Tamimu kumfuata, Salama alimsogelea fundi.

"Ikihitajika italia kweli?"

"Italia."

"Mzee Abdalah simwogopi. Ndiye aliyemzika mume wangu." Aliutazama mlango aliotokea Damas. "Sitaki ya kutishia, fundi. Nataka ilie."

Mudrick alimwelewa. Akamwambia tena kwamba italia.

Alhamisi, jioni.

Damas alimwita Mudrick nyuma ya ghala, penye shimo la matumbo. Funza walikuwa wakitembea juu ya uchafu hadi ukingoni. Damas alisimama palepale akila muhogo wa kukaanga, pilipili mdomoni.

Alitaka pini itolewe, ile inayogonga risasi. Bastola ya mama ifanye kila kitu isipokuwa kulia. Alieleza kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayeagiza sahani nyingine. Wakishapakia, Salama atabaki jeti. Polisi watataka mtu, na watamkuta mtu: mwanamke aliyefukuzwa kambini, mwenye kinyongo, bastola mkononi. Tamimu asiambiwe.

"Na akisema?" Mudrick aliuliza.

"Atamtaja mpwa wake? Hawezi." Damas alilamba vidole. "Na wewe, kwako Ngarambe napajua. Mlango wa buluu. Mkeo ana mimba."

Mudrick alirudi ndani, akaomba bastola ya Salama aitie mafuta, na Salama akampa. Akaifungua juu ya gunia. Alijiambia kwamba bila pini hakuna atakayekufa. Kwamba pengine hiyo ndiyo heri. Alijua anajidanganya. Kilichomchukiza zaidi ni mikono yake yenyewe, ambayo haikutetemeka hata kidogo. Ilitoa kile kipande chembamba kwa msumari, ikasafisha, ikarudisha kila kitu mahali pake kwa uangalifu uleule alioutumia kuchagua.

Pini akaitupa kwenye shimo la matumbo.

Ijumaa, maji yanajaa.

Walipita kwenye mkono mwembamba wa mto, mikoko pande zote mbili, mizizi yake imejaa tope na makombe. Tamimu aliishika mashine ya nyuma. Salama alikaa mbele na kikapu, bastola ndani yake chini ya khanga. Alikuwa amechemsha viazi, akawagawia wote. Alimpa Mudrick kipande kikubwa kuliko vya wenzake. Mudrick alikitia mdomoni na hakuweza kumeza. Akakitemea majini wakati Salama hatazami.

Ijumaa, maji yamejaa.

Walimshusha Salama nyuma ya kona. Kutoka kwenye mikoko, Mudrick alimwona akitembea juu ya mbao za jeti, taratibu, kikapu kwenye kiwiko. Mzee Abdalah alisimama. Alipomtambua, aliiegemeza bunduki ukutani ili amsalimie kwa mikono miwili.

Salama akatoa bastola.

Mambo yakaenda upesi. Boti ikagonga jeti. Damas akavunja kufuli kwa nondo. Mudrick akaichukua bunduki ya mzee na kuitupa majini, na mzee akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejinyea hadharani. Wakabeba makasha, jasho likiwachoma macho. Kasha moja, jingine, jingine. Ndani ya ghala harufu ya kamba walioharibika ilikamata koo. Abdalah hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama Tamimu usoni akamwambia kwamba yeye ni mtoto wa Mohamedi, na kwamba siku baba yake alipozama yeye, Abdalah, ndiye aliyepiga mbizi kumtafuta. Tamimu akainamisha kichwa, akaendelea kubeba.

Makasha yakaisha. Damas akataka na mapipa ya mafuta. Tamimu akamwambia maji yameanza kutoka. Damas akataka na nyavu mpya. Mstari wa tope ukaonekana chini ya jeti, unang'aa, unapanuka.

Ijumaa, maji yanatoka.

"Tia mashine moto," Damas alisema.

"Shangazi bado."

"Shangazi yako anabaki."

Tamimu hakuelewa, mkono wake ukiwa umeshaiwasha mashine. Salama alielewa. Alimwacha mzee, akaja mbio juu ya mbao, akaruka chini kwenye tope na kuushika ubavu wa boti kwa mkono mmoja. Vidole havikushika. Vikateleza kwenye ukingo, mara ya kwanza, mara ya pili, na boti ikasogea hatua mbili mbali naye. Akasimama, tope magotini. Akaisukuma nyundo kwa kiganja, kama alivyofundishwa, akamwelekezea Damas kifuani.

Damas hakuinama. Hakujikinga hata kwa mkono. Alitabasamu.

Ta.

Salama akarudia. Ta.

Aliitazama bastola. Kisha akamtazama Damas, ambaye hakuwa ameogopa, akajua kwa nini hakuogopa. Ndipo alipomgeuzia macho Mudrick. Hakumtukana. Alimtazama tu, na Mudrick akahisi uso wake mwenyewe ukioza.

Tamimu alizima mashine. Alichomoa mpira wa mafuta kwa nguvu, akautupa mbali majini, mahali penye mkondo.

"Bila shangazi siendi," alisema.

Damas alichomoa bastola yake akampiga risasi. Mlio ukaenda mbali juu ya mikoko, kunguru wote wakaruka. Tamimu alikaa chini polepole, juu ya kasha, kisha akalala ubavu. Damas akaanza kuvuta kamba ya mashine kama kichaa, na mashine haikuwa na mafuta. Maji yakawabeba kidogo, yakawaacha. Boti ikakaa juu ya tope kwa sauti ya kulamba.

Huko msikitini walisikia. Waliotoka mbio walikuwa na kanzu na kofia, wengine wameokota mapanga na makasia njiani. Damas aliruka boti aingie mitini. Tope likamshika hadi mapajani. Alifyatua huku amekwama, ovyo, mpaka bastola yake ikaisha, kisha akaanza kulia na kuomba aitiwe polisi. Walimvuta kwa kamba kama mnyama aliyetumbukia kisimani. Mudrick alisikia makofi na mateke. Hakugeuka.

Alikuwa amempakata Tamimu. Alikuwa ameukandamiza mkono kwenye lile tundu, damu ikipita katikati ya vidole vyake, vidole vizima, vyenye nguvu, visivyo na kazi. Kijana aliuliza kama shangazi amepanda. Mudrick alimwambia amepanda. Tamimu hakuuliza kingine.

Salama alifika akiwa ametapakaa tope hadi kifuani. Alipiga magoti kando ya boti na kutia mikono chini ya mabega ya mtoto wa kaka yake, akajaribu kumwinua. Hakuweza. Akajaribu tena. Kichwa cha Tamimu kilimponyoka kikagonga ubao.

"Mshike wewe," alimwambia Mudrick. "Mikono yangu haina nguvu."

Mudrick alimbeba mabegani. Alivuka tope akizama kila hatua, Salama nyuma yake ameishika miguu ya marehemu kwa viwiko, na watu wenye mapanga wakawapisha, kwa sababu alikuwa amebeba maiti. Mzee Abdalah alitandika mkeka wake wa kuswalia juu ya mbao za jeti. Wakamlaza hapo. Salama akavua khanga ya juu akamfunika, akaivuta pembe kwa meno ili ifike miguuni.

Alipomaliza alibaki amekaa. Bastola ilikuwa bado imemning'inia kidoleni, ule ukanda wa mpira umejaa tope. Akaiweka chini mbele ya Mudrick.

"Ulinichagulia vizuri, fundi," alisema, bila kumwangalia. "Haikunipa taabu hata kidogo."

Mudrick alitapika palepale, kando ya mkeka. Hakuna aliyesogea kumpisha, wala aliyempa maji. Aliwasikia wenye mapanga wakija kutoka upande wa ghala na kamba ya wavu. Walipomfikia walimkuta ameshapiga magoti, mikono ameiweka nyuma mwenyewe.