Kinu Kitupu cha Bibi Hamisa

Mwajabu alikuwa na kazi mbili za mchi. Ya kwanza ilikuwa kutwanga mpunga, na hiyo kila msichana wa Mtoni aliijua. Ya pili ilikuwa kutwanga ugomvi.

Kila alasiri akitoka shule alivua sare, akala kiporo chake, kisha akaosha vyombo uani huku sikio moja likiwa mlangoni. Mjomba wake, Nassibu, alirudi kutoka kazini bandarini saa hizo. Akirudi anapiga mluzi, nyumba ilipumua. Akirudi kimya, Bibi Hamisa alimtazama mjukuu wake, kisha akaelekeza kidevu kwenye kinu.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, ya vyumba sita, na kuta zake za ndani hazikufika paani. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwombea afya. Basi Nassibu alipoanza kumfokea mkewe, Tabu, maneno yalivuka ukuta, yakatoka nje, yakatembea peke yake hadi Barabara ya Kilwa. Ndipo kinu kilipofanya kazi. Mwajabu alitwanga, puu, puu, puu, ili majirani wasisikie.

"Ni sitara, mjukuu wangu," Bibi Hamisa alisema. "Mambo ya mke na mume hayaanikwi barabarani kama dagaa."

Majirani walijua, tena sana. Temeke nzima hapakuwa na nyumba iliyotwanga mno na kula kidogo kama ile. Laiti kila pigo la mchi ule lingetoa unga, Mtoni yote ingeshiba, watu wa Gongo la Mboto wangeletewa makombo kwa malori, na panya wa Ubungo wangeota vitambi.

Siku moja kisimani, Atuganile, binti wa karani wa jirani, alisimama akashika kiuno.

"Jamani, mpisheni mtwangaji! Jana mlitwanga nini, Mwajabu? Upepo?"

"Mpunga," Mwajabu akajibu.

"Mpunga gani huo unaolia 'niache, niache'?"

Wasichana wakaangua kicheko. Mwajabu alimmwagia Atuganile ndoo nzima ya maji, wakashikana nywele mpaka watu wazima wakaja kuwaachanisha. Alirudi nyumbani na ndoo tupu na gauni lililochanika begani.

Tabu alimketisha uani akamshonea lile gauni. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Ndiye aliyemsuka Mwajabu nywele tangu mama yake alipoolewa na kuhamia Kilwa. Siku hiyo jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Nimejigonga mlangoni," alisema kabla ya kuulizwa.

"Mlango wenu una ngumi, Bi Tabu?"

Tabu alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, siku nikikuita, utakuja?"

"Nitakuja."

"Haya. Vaa gauni lako."

Wakati huo Tabu alikuwa ameanza kwenda kwenye darasa la kisomo la akina mama. Nassibu alikuwa amemkataza. Alisema mwanamke anayejua kuandika humwandikia mwanamume mwingine. Tabu alikwenda hivyo hivyo, mumewe akiwa kazini, na Bibi Hamisa akajifanya haoni.

Alhamisi moja, mfanyakazi mwenzake Nassibu alimwambia kwa utani, "Mkeo msomi siku hizi, mke wangu amemwona darasani." Utani ule ulifika nyumbani ukiwa moto. Nassibu aliingia kimya, akapita ukumbini bila salamu, akafunga mlango wa chumba nyuma yake.

"Nani aliyekufundisha kunidanganya?" sauti yake ikapanda juu ya ukuta. "Ni mwalimu wako?"

"Nassibu, mie nilikuwa na wenzangu. Waulize!"

Kidevu cha Bibi Hamisa kikaelekea kwenye kinu.

"Bibi, hamna kitu ndani," Mwajabu akanong'ona. "Mpunga umekwisha."

"Nani kakuuliza habari za mpunga? Twanga!"

Akatwanga. Mchi uligonga mbao tupu, na sauti yake ilikuwa kavu, mbaya kuliko siku zote. Ndani kitu kikaanguka. Tabu akapiga kelele. Kisha, katikati ya pigo moja na jingine, Mwajabu akalisikia jina lake.

"Mwajabu! Mwajabu, njoo!"

Akausimamisha mchi. Alimtazama bibi yake. Bibi Hamisa alikuwa ameshika ukingo wa kinu kwa mikono miwili, macho yametoka.

"Twanga, nimesema! Watu wanapita!"

Mwajabu akatwanga huku machozi yakidondokea ndani ya kinu. Alitwanga mpaka hakusikia tena kitu kutoka ndani. Nassibu akatoka, uso umempauka kama ukuta wa chokaa.

"Ameanguka," alisema. "Amejigonga kichwa."

Majirani walimbeba Tabu juu ya mlango uliong'olewa, wakaelekea hospitali. Hakufika akiwa hai.

Siku ya tatu baada ya maziko, Sajenti Gregori wa polisi alikuja na daftari, akiwa na askari wawili. Kabla hajafika, Nassibu alikuwa amemshika Mwajabu mkono hadi ukamuuma.

"Ukifungua mdomo wako, mimi siye mjomba wako tena. Utalala barabarani."

Sajenti alikaa kwenye kigoda uani. Bibi Hamisa alimjibu bila kupepesa. "Sie hatukusikia lolote, baba. Tulikuwa tunatwanga."

"Mlikuwa mnatwanga nini, mama?"

"Mpunga."

Sajenti akaandika, kisha akamgeukia Mwajabu. "Nawe, binti?"

Nassibu alikuwa amesimama mlangoni. Bibi alikuwa akimtazama kwa jicho lile lile la kuamrisha. Mwajabu aliwaza kulala barabarani. Kisha akakumbuka vidole vya Tabu vikishona gauni, na swali lake: siku nikikuita, utakuja?

"Shikamoo, afande," alisema. "Kinu kilikuwa kitupu. Tulitwanga ili watu wasisikie. Mimi nilisikia. Alikuwa ananiita."

"Mwongo!" Nassibu akafoka, akaruka kumfuata. Askari wawili walimdaka kabla hajamfikia, naye akatoka nyumbani kwake mikono ikiwa nyuma.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na baridi. Bibi Hamisa hakumsemesha mjukuu wake. Alimwekea sahani chini na kuondoka. Mashangazi walikuja kumtazama kama wanaomtazama nyoka. "Mtoto gani anayemfunga mjomba wake?" walisema mbele yake, kwa sauti. Ajabu ni kwamba aliyesimama naye ni Atuganile. Alibeba ndoo yake, akaiweka karibu na ya Mwajabu kisimani, na aliyetaka kucheka alimezwa na jicho lake.

Kesi ilipofika mahakamani, Mwajabu alisema yale yale. Wakili wa Nassibu akamgonga kwa maswali: mtoto mdogo, kelele za kinu, atasikiaje? Mwajabu akaanza kubabaika. Hapo sauti ikatoka kwenye viti vya nyuma.

"Alisikia."

Bibi Hamisa alikuwa amesimama, kanga imemteleza kichwani. Karani wa mahakama akamwamuru akae, hakukaa. Mwisho jaji aliruhusu aitwe kuapa.

"Mjukuu wangu hakusema uongo," alisema. "Mie ndiye mwongo. Hata mimi nilisikia. Tabu alilia, mie nikasema, twanga. Nilimficha mwanangu ili asipate aibu, na sasa mwanangu ni muuaji na mkwe wangu yuko kaburini."

Nassibu alihukumiwa kifungo kirefu. Alipopitishwa, hakumtazama mama yake.

Jioni ile Bibi Hamisa na Mwajabu walikaa uani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya Sajenti, bibi alimwita jina.

"Mwajabu. Unadhani ungekwenda alipokuita, angepona?"

"Sijui, Bibi. Kila siku najiuliza."

"Usijiulize tena. Ulikuwa mtoto, na amri ilikuwa yangu. Mzigo huo ni wangu, niachie. Lakini sikiliza. Nilikufundisha vibaya, sasa nakufundisha upya. Mtu akivaa nguo iliyotoboka, msitiri. Akilala na njaa, msitiri. Lakini mtu akipigwa, hakuna sitara hapo. Piga kelele, ita watu, ita polisi. Na ukiulizwa, sema ulichosikia, hata aliyekosa akiwa ni wa tumbo moja na mama yako."

Kabla Mwajabu hajajibu, mlio wa chombo kuvunjika ulisikika kutoka nyumba ya pili, na mwanamke akapiga yowe. Kutoka ua wa nyumba hiyo, mtu akaanza kutwanga.

Bibi Hamisa akainuka. Akautwaa mchi wake, akajifunga kanga kiunoni, akavuka njia kwa miguu yake mibovu. Mwajabu alimfuata mbio. Bibi aliugonga mlango wa jirani kwa mchi ule mpaka vumbi likadondoka.

"Hodi!" alipaza sauti. "Hodi humu ndani! Acheni kutwanga, nifungulieni!"

Kinu kikanyamaza. Mlango ukafunguliwa.