Mbuzi wa Lori la Odilo

Jua linazama, Anania na mkewe Ema walikwenda kung'oa bati la tangazo kwenye duka la magari lililofungwa, njia panda ya Makambako. Anania alitaka alitundike sebuleni. Enzi zake za kuuza magari alisimama chini ya bati lile na koti jeupe, viatu vinang'aa, na watu walitoka hata Manda kuja kushangaa tu. Lilichorwa lori jekundu, dereva anacheka, na maneno: PANDA BWANA, UPENDEZE!

"Na muuzaji mwenyewe bado anapendeza," Ema alimtania.

Siku zile kila aliyenunua gari alichinja mbuzi palepale, magurudumu yakamwagiwa damu ili gari lisipate ajali. Lori la mwisho tu ndilo halikumwagiwa. Anania alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwepo akitazama. Aliona aibu. Alimzuia mnunuzi, Odilo, akamwimbia wimbo wa kanisa badala yake. Odilo hakufika hata Njombe. Lori lilipinduka, likamponda.

Ema alishika bati kwa chini. Anania akaanza kung'oa misumari kwa panga.

Kukanuka petroli.

Kisha damu...

Dereva wa kwenye bati alikuwa ameacha kucheka. Sura ilikuwa ya Odilo.

"Kamwene, Anania," alimsalimu kwa kunong'ona. "Mbuzi wangu yuko wapi?"

Mkono uliopondeka, mifupa nje, ukachomoka kwenye bati ukamkaba Ema shingoni. Miguu yake ikaning'inia. Bati likaanza kummeza, uso kwanza, ukingo ukimchana shavu.

"Mwache! Kosa ni langu!"

"Damu..."

Anania hakufikiri mara mbili. Aliegemeza mkono wake wa kushoto ukutani, akashusha panga. Haukukatika. Akashusha tena, huku akilia kwa sauti. Damu ikarukia magurudumu ya kuchorwa, nayo yakaifyonza yote.

Ema akaanguka chini.

Kwenye hospitali ya misheni walimshona Ema shavu, wakamfunga Anania kigutu. Alimshukuru Mungu. Mke wake alikuwa hai, na mkono ulikuwa si kitu.

Usiku Ema alifumbua macho.

"Baba Jeni," alinong'ona, "mbuzi wa gari huwa anakatwa wapi?"

"Shingoni."

Ema akajishika shingo.

"Basi Odilo hajaukubali mkono."

Nje, lori likapiga honi.