Chungu cha Ghorofa ya Nne

Siku ya kwanza Tong alipomwona Pui-kei, nusura amtoboe jicho kwa kipangusio cha manyoya ya kuku.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Mtaa wa Pei Ho, saa ambayo kitongoji kizima cha Sham Shui Po kiko barabarani: akina mama na vikapu vya magurudumu, wauza samaki wakimwagia maji viatu vya watu, na foleni ya mikate ya mayai imeziba njia. Tong alikuwa na wageni kumi na wawili nyuma yake. Waongoza wageni wengine hunyanyua vibendera. Yeye alinyanyua kipangusio, kile ambacho kila mama wa Kikantoni hukiweka nyuma ya mlango, upande wa manyoya kwa ajili ya vumbi na upande wa fimbo kwa ajili ya watoto. Wageni walikipenda, na hakuna aliyewahi kupotea.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, kifua kipana, koti la ngozi la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliendesha gari la mboga miaka kumi na sita kabla ya kugundua kwamba kuna watu wako tayari kulipa ili waoneshwe mahali anapokula yeye. Alijua kila sufuria ya mtaa ule. Hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kueleza.

"Sasa hapa," aliwaambia wageni akigeuka ghafla, kipangusio kikigeuka naye, "ndipo penye keki za bakuli zilizo..."

"Ndipo penye jicho langu," sauti ya mwanamke ikamkata. "Toa hayo manyoya kwenye mvuke wangu."

Alisimama nyuma ya vikapu vya kupikia kwa mvuke, aproni ya manjano, buti za mpira, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Nywele alizifunga juu na kuzichoma kwa vijiti viwili vya mianzi, vilevile vya kuchomea keki. Umri kama miaka thelathini na minne. Hakutabasamu.

"Samahani, mrembo," Tong akasema.

"Mrembo ni yule muuza samaki, nimekusikia ukimwita hivyo sasa hivi. Na bibi wa vitunguu pia. Mimi naitwa Pui-kei."

"Mwenye kibanda hiki namfahamu. Mzee Yip."

"Ni baba yangu. Miguu imechoka, yuko nyumbani anatazama mbio za farasi. Unataka ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Wageni ni kumi na wawili."

"Na mimi."

"Wewe utalipa mbili. Moja ya jicho."

Akachukua bakuli dogo la udongo, akachoma vijiti pembeni mwa keki, akazungusha mkono mara moja, na keki ikatoka nzima, kahawia, inatetemeka, maharage mekundu yamejaa ndani yake. Akampa mwanamume mmoja wa Kidenmaki aliyeila na kufumba macho. Tong alikuwa amekula keki hizo tangu utoto. Siku hiyo alikula tatu, akasahau kuwaeleza wageni chochote.

Kuanzia hapo ratiba yake ikaharibika. Zamani aliwaanzisha wageni kwa chapati laini za mchele zenye michuzi miwili na ufuta, halafu madonge ya samaki ya bizari, halafu matumbo ya ng'ombe na figili, halafu tofu inayonuka, jibini la soya lililochachushwa, kwa wenye moyo, na kitu kitamu mwisho. Sasa kila safari ilianzia kwa Pui-kei na kuishia kwa Pui-kei.

Siku moja, saa nane mchana kibanda kilipotulia, simu ya Tong ililia.

"Bwana Manyoya, umeshakula?"

"Nimekula mara saba, ndiyo kazi yangu. Wewe je?"

"Nimekula wali wa jana. Leo uliwadanganya nini wale Wakorea? Walikuja wananiinamia."

"Niliwaambia babu yako alimpikia mfalme."

"Babu yangu alikuwa fundi wa majiko."

"Wanasafiri mbali, Pui-kei. Wape kitu."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi na cha chini, kama mtu aliyekipata kwa bahati na hataki kukitumia chote. Tong alikipenda kicheko hicho kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jumatatu, siku ambayo Pui-kei hafungui, walikunywa pamoja chai ya maziwa, wakatembea hadi bustanini. Pui-kei aliwahi kuchumbiwa na fundi wa lifti, akamrudishia pete. Hakueleza kwa nini, na Tong hakuuliza. Tong alimshika mkono mara mbili, mara ya pili kwa muda mrefu. Alikuwa na hakika na mwanamke huyu kama alivyokuwa na hakika na njia ya kwenda kwake. Alisema moyoni kwamba Mwaka Mpya ukifika atamposa.

Mwezi wa kumi na moja baridi ikaanza. "Wageni wangu wanatetemeka," Tong alimwambia kwenye simu. "Keki zako ni nzuri lakini zinaliwa zikiwa baridi. Mtaa huu unahitaji kitu cha kumpasha mtu mwili mpaka kwenye kucha."

"Nitafikiria," Pui-kei akasema. Kisha akaongeza, "Na kwa sasa Jumatatu tusionane. Nina kazi nyumbani. Usije mpaka nikuite."

"Kazi gani?"

"Utaijua wakati wake."

Hilo lilikuwa swali lake moja la mwaka, na halikupata jibu. Akaliacha.

Wiki mbili baadaye alipita Jumatano, akakuta kibanda kimefungwa. Mwenye kibanda cha jirani akasema Pui-kei ana mafua. Tong akanunua vikeki sita vya mayai vikiwa vya moto bado, akavificha ndani ya koti ili visipoe, akapanda ngazi hadi nyumbani kwa Pui-kei, ghorofa ya nne.

Harufu ilimpokea ghorofa ya tatu. Siki nyeusi tamu na tangawizi.

Hapa kwetu harufu hiyo kwenye ngazi za watu ni tangazo. Mwanamke akiwa na mimba, nyumba yake huanza chungu: siki tamu, tangawizi kuukuu kilo kwa kilo, vinakaa na kuchemshwa, vinakaa tena, wiki hata miezi. Akijifungua, chunguni hutiwa miguu ya nguruwe na mayai, mzazi akala apate nguvu, na bakuli hugawiwa kwa majirani wajue kwamba mtoto amefika. Ni kweli mikahawa mingine huuza. Lakini chungu kilichokaa mlangoni kwa Pui-kei kilikuwa cheusi, kikubwa, kinamfika mtu gotini, na pembeni yake palikuwa na magunia mawili ya tangawizi. Mkahawa hauko ghorofa ya nne.

Mlango wa pili ukafunguka. Shangazi Loi, jirani, akatoa kichwa.

"Amelala," akanong'ona. "Mwache apumzike, anahitaji."

"Hiki chungu, shangazi..."

"Si unaona mwenyewe?" Mama huyo alikuwa anang'aa kwa furaha. "Mwenyewe hasemi kitu, lakini mimi nimezaa wanne. Na kuna mwanamume, kila Jumatatu, anambebea magunia mgongoni mpaka huku juu. Siku hizi wanaume kama hao wako wapi?"

Tong alimkabidhi vikeki.

"Nimwambie vimetoka kwa nani?"

"Mwambie hongera," Tong akasema, akashuka ngazi.

Jumatatu. Siku yao. Na mtoto hakuweza kuwa wake, maana hawajavuka kushikana mikono. Alifika mtaani hesabu yote imekamilika kichwani, na katika hesabu hiyo hakukuwa na pengo hata moja. Ndivyo alivyokuwa. Angeweza kurudi juu na kugonga mlango. Badala yake alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akaenda zake.

Siku ya tatu Pui-kei alipiga simu.

"Nimepata vikeki vyako. Mbona hukugonga?"

"Ulikuwa umelala."

"Na hongera yako nimeipata." Sauti yake ilikuwa ya tahadhari. "Kwa hiyo umeona chungu."

"Nimeona."

"Na unasemaje?"

"Niseme nini? Ni shughuli yako. Kila la heri."

"Basi?"

"Basi."

"Sawa, Bwana Tong," Pui-kei akasema, na tangu wakutane hakuwahi kumwita Bwana Tong. Simu ikakatika.

Kwa wiki tatu Tong aliwapeleka wageni Mtaa wa Fuk Wa, kwa mzee mmoja aliyeuza keki za bakuli ngumu kama kifutio cha daftari. Wageni walitafuna kwa adabu. Tong alieleza mambo mengi kuliko kawaida, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na jioni koti lake lilikuwa zito.

Katikati ya Desemba alipokea kundi la watu wanane. Miongoni mwao alikuwa Bibi Khoo wa Penang, mjane wa miaka sabini, kofia ya sufu ya zambarau, Kikantoni chake kinaimba. Mwaka uliopita alikuja kutembea peke yake, akala kwa Mzee Yip.

"Tunakwenda wapi huku?" akauliza Tong alipopinda kushoto. "Pei Ho ni kulia."

"Bibi, huku kuna mzee mzuri zaidi."

"Kijana, nimepanda ndege kwa ajili ya keki ya upande wa kulia." Akamnyang'anya kipangusio, akakinyanyua, akaenda kulia. Wengine saba wakamfuata. Tong akafuata wa mwisho, kama mtu anayepelekwa polisi.

Foleni ya Pui-kei ilifika kwenye duka la vitambaa. Pembeni ya vikapu vyake palikuwa na jiko jipya, na juu yake chungu kile cheusi kilichomfika mtu gotini. Karatasi nyekundu ilibandikwa ukutani, mwandiko wa brashi: Tangawizi, siki tamu, mguu na yai. Kwa msafiri mwenye baridi.

Watu walisimama barabarani wameshika bakuli kwa mikono miwili, pua nyekundu, jasho linawatoka, hawasemi kitu. Pui-kei alikuwa na sweta jekundu chini ya aproni, vijiti vyake nyweleni. Alimwona Tong. Akaendelea kuchota.

"Lo," Bibi Khoo akasema, akinusa. "Nani kajifungua?"

"Hakuna aliyejifungua, bibi," Pui-kei akajibu bila kumtazama Tong. "Kuna mtu aliniambia wageni wake wanatetemeka. Nikaona nimtengenezee. Mwezi mzima kinachemka na kupoa, baba yangu analalamika macho yanamwasha. Mtu huyo akaja, akakiona, akaniambia kila la heri, akapeleka wageni wake Mtaa wa Fuk Wa."

Tong alihisi masikio yake yanapata moto bila siki.

"Nilidhani..." akaanza.

"Ulidhani nini?"

Foleni nzima ikatega sikio.

"Nilidhani una mimba."

Pui-kei akaweka kijiko cha kuchotea chini taratibu. "Ya nani?"

"Ya yule anayekubebea magunia."

"Mzee Fok ni mjomba wangu. Analima tangawizi Fanling. Ana miaka sitini na tisa, na alipumzika kila ghorofa."

"Shangazi Loi alisema..."

"Shangazi Loi anasubiri kufanyiwa upasuaji wa macho tangu mwaka jana. Nami nilidhani umeijua zawadi na umeikataa. Niliamka usiku nikajiuliza nimekosea wapi." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Unawadanganya wageni mara mia kwa siku, Tong. Swali moja tu la kweli lilikushinda?"

Tong akamgeukia Bibi Khoo, akachukua kipangusio, akakizungusha na kumpa Pui-kei upande wa manyoya, ili fimbo ibaki juu. Kisha akanyoosha kiganja, kama mtoto aliyevunja chombo.

Foleni ikaangua kicheko. Hata muuza samaki aliacha kisu.

Pui-kei alikitazama kiganja. Alikipiga mara moja, na hakukipiga kwa mchezo. Kisha akamrudishia Bibi Khoo kipangusio.

"Bibi, unajua tofu iliko?"

"Pua yangu inajua."

"Wapeleke hawa wakishamaliza bakuli zao. Huyu amepata kazi hapa."

Baadaye kundi likaondoka, kofia ya zambarau mbele, manyoya juu. Tong alivua koti la ngozi, akakaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda, akapewa gunia na kijiko cha kukwangulia maganda. Alikwangua saa nzima. Vidole viliwaka.

"Hiyo bado ina ganda," Pui-kei akasema akipita.

"Pui-kei."

"Naam."

"Nilipanga kukuambia Mwaka Mpya. Nakuambia sasa. Nataka nikuoe."

"Hilo nalo umenieleza," akasema. "Hukuniuliza."

Tong akaweka kijiko chini. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akasimama mbele yake, mvuke ukipita katikati yao.

"Utakubali nikuoe?"

Pui-kei alichota bakuli moja, yai jeusi la siki, mguu uliolainika, mchuzi mzito, akampa ale kwanza. Alimngoja mpaka akameza.

"Nitakubali," akasema. "Na unisikilize vizuri. Chungu hiki ni cha kuuza. Tukishaoana, siku moja nitaanza kingine kule ghorofa ya nne, na hicho sitauza hata bakuli moja. Ukikiona, panda juu ugonge mlango."

"Nitagonga," Tong akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza kuzoea, akauliza, "Lini?"

Akacheka kile kicheko chake kifupi, na safari hii hakukibana. "Kwangua tangawizi, Bwana Manyoya. Foleni inatungoja."